Fizikia ya chembe: kijana wa Kamanyola anaweza kupitia mlango gani?

Mashine kubwa iko Geneva, lakini njia ya kuifikia inaanza karibu na nyumbani: darasani, kwa mwalimu, na katika nchi jirani. Tumetazama nafasi zilizopo kwa wanafunzi na walimu wa Bonde la Ruzizi, na vizuizi vinavyowangoja.

Kila dakika, karibu chembe mia moja zinatoboa kiganja cha mkono wako na hausikii kitu. Zinampitia mama anayeuza samaki sokoni Kamanyola, zinampitia dereva anayengoja mzigo kwenye barabara ya Uvira, zinampitia mwanafunzi anayerudia masomo yake chini ya mwembe. Zinazaliwa juu sana angani, na hakuna vita wala mpaka unaozizuia. Wanafizikia wanaziita muoni.

Kuna watu duniani ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta, kuhesabu na kuelewa chembe za namna hiyo. Wengine ni maprofesa, wengine ni wanafunzi wa miaka 21 au 22. Swali linaloulizwa na vijana wengi wa sekshoni ya Mat-Fizik katika eneo letu ni rahisi: sisi pia tunaweza kufika pale?

Jibu ni ndiyo, lakini si kwa njia ambayo wengi wanafikiri. Safari haianzi kwenye ndege ya kwenda Ulaya. Inaanza na alama nzuri, mwalimu anayekujua, Kiingereza kidogo kidogo, na karatasi zilizo tayari kabla ya tarehe ya mwisho.

Kazi yenyewe ni ya namna gani?

Fizikia ya chembe inauliza vitu vyote vimeundwa na nini, ukivigawanya mpaka visigawanyike tena. Kituo kikubwa zaidi cha kazi hiyo ni CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva. Hapo kuna njia ya duara chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 27. Ndani yake chembe za protoni zinakimbizwa karibu na mwendo wa mwanga, kisha zinagonganishwa. Vyombo vikubwa kama majengo vinapiga picha ya kile kinachotoka.

Tarehe 4 Julai 2012, makundi mawili ya watafiti, ATLAS na CMS, yalitangaza kwamba yamepata chembe mpya, ile inayojulikana kama bosoni ya Higgs. Kila kundi lina maelfu ya watu kutoka nchi nyingi. Wanafizikia ni sehemu tu ya watu hao. Wapo wahandisi wa umeme, mafundi wa baridi kali, wataalamu wa kompyuta na watu wa hesabu. Kijana anayesoma informatika Bukavu au Uvira asifikiri kwamba habari hii haimhusu.

Ili tuelewe ukubwa wa kazi hiyo: mashine za CERN zikifanya kazi zote kwa pamoja zinatumia umeme wa takriban megawati 200. Mitambo yetu ya Ruzizi I na Ruzizi II, ambayo inagawa umeme kwa nchi tatu, haifikishi megawati 80 ikijumlishwa. Hakuna chuo kikuu hata kimoja duniani kinachoweza kujenga mashine kama hiyo peke yake. Kwa sababu hiyo, milango yake imebaki wazi kwa watu wa nje kuliko milango ya taasisi nyingi.

Kongo si mgeni katika fizikia

Watu wengi wanasahau kwamba nchi yetu iliingia katika historia ya fizikia mapema, ingawa iliingia kupitia shimo la mgodi. Sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomi ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Bomu la Hiroshima lilianguka tarehe 6 Agosti 1945.

Mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, kilichoongozwa na Monsinyori Luc Gillon, padri ambaye pia alikuwa mwanafizikia, kilipata mtambo wa nyuklia wa utafiti ulioitwa TRICO. Ulikuwa wa kwanza katika bara zima la Afrika. Ulifuatwa na TRICO II mwaka 1972, ambao ulisimama kufanya kazi mwaka 2004.

Hapa kwetu Kivu Kusini, taasisi ya utafiti ya IRSAC iliundwa mwaka 1947 na makao yake yakawekwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Leo inaitwa CRSN-Lwiro, na watafiti wake wamesikiliza matetemeko ya ardhi na volkano za Virunga kwa miaka mingi. Uvira tuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, kinachofuatilia Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo neno utafiti lina mizizi hapa. Kinachokosekana ni vijana wanaopanda ngazi kutoka darasa la sita la sekondari mpaka kwenye majaribio ya kimataifa. Tumetoa uranium, sasa tunatoa koltani, ambayo tantali yake inaingia ndani ya vifaa vya elektroniki vya dunia nzima. Wanafizikia tuliotoa ni wachache mno.

Agosti 2016, shule ilipokuja Kigali

Mwaka 2010, wanafizikia kadhaa, miongoni mwao Ketevi Assamagan, mwenye asili ya Togo anayefanya kazi katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, walianzisha Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi yake, inayojulikana kwa kifupi ASP. Wazo lilikuwa hili: badala ya kungoja Mwafrika mmoja mmoja apate viza, walimu wa CERN na wa maabara nyingine waje Afrika, wafundishe wanafunzi kutoka nchi nyingi kwa wiki kadhaa mfululizo.

Shule ya kwanza ilifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini. Zikafuata Kumasi nchini Ghana mwaka 2012 na Dakar nchini Senegal mwaka 2014. Agosti 2016 zamu ilikuwa ya Kigali. Baadaye ilikwenda Windhoek, Namibia, mwaka 2018. Ile ya 2020 iliahirishwa kwa sababu ya Covid-19. Mwaka 2022 shule ilifanyika Gqeberha, Afrika Kusini. Mwaka 2024 ilikuwa Marrakesh, Moroko.

Wanaochaguliwa hulipiwa safari, malazi na chakula. Wanasoma fizikia ya chembe, fizikia ya nyuklia, mashine za kukimbiza chembe, matumizi katika hospitali, na jinsi ya kuchambua data kwa kompyuta. Kuna pia siku za walimu wa sekondari na za wanafunzi wa sekondari. Baada ya shule kwisha, wengi wanaendelea kusaidiwa kwa intaneti na walimu waliokutana nao.

Kwa mtu wa Bonde la Ruzizi, mwaka ule wa 2016 una somo lake. Shule ya kimataifa ya fizikia ilikuwa upande wa pili wa mpaka, safari ya siku moja kwa basi. Je, ni wangapi kati ya wanafunzi wa fizikia wa Uvira na Kamanyola waliisikia kabla ya tarehe ya maombi kupita? Mara nyingi nafasi inapotea hivyo, kwa kukosa habari, kabla hata ya akili ya mtu kupimwa.

Mlango wa karibu, na mto katikati

Tangu mwaka 2018, Kigali ina taasisi ya kudumu ya fizikia, ICTP-EAIFR, iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Inafundisha masta na udaktari, na moja ya njia zake ni fizikia ya nishati kubwa, ambalo ni jina lingine la fizikia ya chembe. Nyingine ni fizikia ya dunia tunayoikanyaga, jambo lenye maana kwa watu wanaoishi karibu na volkano. Katika mji huo huo kuna AIMS Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2016, inayotoa masta ya sayansi ya hesabu kwa vijana wa Afrika nzima, na wanaokubaliwa wanapewa ufadhili, ile tunayoita burse.

Hapa lazima tuseme ukweli. Mlango wa karibu uko ng'ambo ya mto Ruzizi, na hali kati ya nchi hizi mbili inajulikana na kila msomaji. Februari 2025 vita vilifika Bukavu na Kamanyola. Familia zilikimbia, shule zilifungwa, barabara zilikatika. Kwa mzazi fulani, kumtuma mtoto kusoma Kigali ni jambo la kawaida. Kwa mzazi mwingine, ni jambo lisilosemeka. Kila familia itapima yenyewe. Kazi yetu ni kusema kwamba mlango huo upo, na kwamba si wa pekee.

Milango mingine ni hii. Huko Trieste, Italia, kuna ICTP, taasisi mama iliyoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1979. Salam alijua uchungu wa mwanasayansi wa nchi maskini anayefanya kazi peke yake bila vitabu wala wenzake. ICTP inatoa diploma ya mwaka mmoja baada ya shahada kwa vijana wa nchi zinazoendelea, gharama zote zikiwa zimelipwa. Afrika Kusini nayo ina programu yake ya pamoja na CERN tangu mwaka 2008, na vyuo vikuu vya Johannesburg, Witwatersrand na Cape Town vinashiriki katika majaribio ya ATLAS na ALICE. Mwanafunzi anayekubaliwa huko kwa masta anaweza kuwa ndani ya kundi la CERN akiwa bado Afrika.

CERN yenyewe inapokea wanafunzi wa likizo kutoka nchi zisizo wanachama. Mwombaji awe amemaliza angalau miaka mitatu ya chuo kikuu katika fizikia, hesabu, informatika au uhandisi. Kwa lisansi yetu ya miaka mitatu ya mfumo wa LMD, hiyo ni mwisho wa lisansi. Kwa kawaida maombi hufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka na kufungwa mwezi wa kwanza. Mashindano ni makali sana. Ni afadhali kuomba huko na penginepo kwa wakati mmoja.

Walimu wasisahauliwe

Mara nyingi tunasema habari ya vijana tu. Lakini karibu kila ombi tulilotaja linadai barua ya mwalimu au profesa anayemfahamu mwanafunzi. Barua inayosema tu kwamba fulani ni mtu wa tabia njema haisaidii. Barua inayofaa inaeleza mwanafunzi alifanya nini: somo gani alilishinda, kazi gani aliitunga, kosa gani alilirekebisha mwenyewe. Profesa wa Uvira au Bukavu anayeandika barua kama hiyo kwa wakati, kwa Kiingereza au Kifaransa safi, anafungua mlango bila kutoa hata franka moja.

Walimu wenyewe wana nafasi zao. ICTP ina mpango wa Washirika, ambao unamruhusu mtafiti anayefanya kazi katika nchi inayoendelea kwenda Trieste mara kadhaa katika muda wa miaka, akafanya utafiti kisha akarudi kufundisha kwao. Shabaha yake ni kwamba mtu asilazimike kuhama nchi ili abaki mwanasayansi. Mwanafunzi wa udaktari naye ana mpango unaomwezesha kugawanya muda wake kati ya chuo chake na Trieste. Na CERN, tangu mwaka 1998, hualika walimu wa sekondari kutoka duniani kote kila wakati wa likizo kubwa. Mwalimu mmoja wa fizikia akirudi Kamanyola kutoka huko, atafundisha mamia ya watoto kabla ya kustaafu.

Kabla ya chuo kikuu

Prefe na walimu wa sekondari wajue mambo mawili. La kwanza: tangu mwaka 2005 kuna siku za fizikia za kimataifa ambapo wanafunzi wa sekondari wanachambua migongano halisi ya CERN kwenye kompyuta, halafu wanalinganisha matokeo na wenzao wa nchi nyingine kwa video. Data za mazoezi zinaweza kupakuliwa bure. Shule yenye kompyuta tatu, jenereta au paneli ya jua, na mega za kutosha siku moja, inaweza kujaribu.

La pili: tangu mwaka 2014, CERN ina shindano kwa makundi ya wanafunzi wenye miaka 16 na zaidi. Kundi linaandika pendekezo fupi la jaribio na kutengeneza video ndogo. Washindi hupelekwa kwenye maabara kufanya jaribio lao wenyewe. Mwaka 2015, moja ya makundi yaliyoshinda lilitoka Johannesburg na lilijiita Accelerating Africa. Walikuwa watoto wa sekondari kama wetu.

Jaribio linaloweza kufanyika hapa hapa

Turudi kwenye zile muoni zinazotoboa kiganja. Mwaka 1912, Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000 angani akiwa na vyombo vya kupimia mionzi. Wengi walidhani mionzi yote inatoka ardhini, kwa hiyo ingepungua kadiri unavyopanda. Hess aliona kinyume: kule juu iliongezeka. Alikuwa amegundua miale ya anga, na mwaka 1936 alipewa Nobel.

Sisi hatuhitaji puto. Tuna barabara. Uvira iko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa chini ya mita 800. Ukipanda bonde unafika Kamanyola. Kisha unapanda Ngomo, na Bukavu iko karibu mita 1,500 na zaidi. Chombo kidogo cha kuhesabu muoni, kinachoitwa Cosmic Watch, kilibuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani. Ramani yake ya kukiunda iko wazi kwa kila mtu, na wabunifu walikadiria vipuri vyake kuwa takriban dola 100. Kundi la wanafunzi likihesabu muoni kwa saa kadhaa Uvira, Kamanyola na Bukavu, linapaswa kuona idadi ikipanda pamoja na mlima. Hilo ni jaribio la kweli. Lina swali, kipimo, makosa ya kipimo na jibu. Mtu aliyelifanya na kuliandika vizuri katika kurasa tano ana kitu cha kuweka kwenye ombi lake kuliko mtu mwenye ndoto tu.

Na muoni si mchezo wa darasani. Mwaka 2017 zilisaidia kuonyesha nafasi tupu kubwa ndani ya Piramidi ya Khufu, Misri, bila kutoboa jiwe. Japani na Italia watafiti wanazitumia kutazama ndani ya milima ya volkano, kama daktari anavyotazama mfupa kwa radio. Haziondoi haja ya vyombo vya matetemeko, lakini zinaonyesha kitu ambacho vyombo hivyo havionyeshi. Watu wa Goma walioona Nyiragongo ikilipuka tarehe 22 Mei 2021 wanaelewa kwa nini ujuzi huo ni mali.

Mitego njiani

Kuna vizuizi vinne ambavyo kijana anapaswa kuvijua mapema.

Lugha. CERN ina lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiingereza, na hiyo ni faida kwetu. Lakini mafundisho mengi, ya ASP, ya Kigali na ya Trieste, ni kwa Kiingereza. Anayengoja barua ya kukubaliwa ndipo aanze kujifunza amechelewa.

Karatasi. Kadi ya mpiga kura na jeto ya mpakani havitoshi. Pasipoti inachukua muda na pesa, na viza ya nchi nyingi za Ulaya inaombewa Kinshasa. Diploma ya Leta na alama za chuo ziwe zimechapwa, zimehakikishwa, na nakala zake ziwekwe kwenye barua pepe. Waliokimbia vita na kuacha karatasi ndani ya nyumba wanajua bei ya kosa hilo.

Intaneti. Maombi mengi hutumwa kwa tovuti. Usingoje usiku wa mwisho, maana umeme ukikatika hakuna atakayekuhurumia.

Walaghai. Kwenye WhatsApp kunazunguka matangazo ya burse yanayodai dola 20 au 50 za kufungua faili. CERN, ICTP na ASP haziombi pesa ili kupokea ombi lako. Mtu akikudai kwa majina hayo, anakuibia.

Hatua ya kwanza

Kwa aliye sekondari: shika hesabu na fizikia, tafuta wenzako wanne, mwombeni mwalimu mmoja awasimamie. Kwa aliye lisansi: chagua kazi ya mwisho yenye data halisi, jifunze lugha moja ya kuandika programu, mwendee profesa sasa, si wiki ya mwisho. Kwa mwalimu: tazama tovuti za taasisi hizi mara moja kila mwezi, na ubandike matangazo ukutani mwa shule.

Mzazi anaweza kuuliza: fizikia ya chembe itampa mtoto wangu mkate? Wachache ndio watakaobaki kwenye majaribio makubwa. Lakini anayejifunza kupima, kuandika programu na kuchambua data anaweza kufanya kazi hospitalini penye mionzi, kwenye kampuni ya simu, kwenye kituo cha volkano, benki au chuoni. Na mwalimu wa fizikia aliyefundishwa vizuri hajawahi kuzidi mahitaji katika bonde hili.

Muoni zinaendelea kupita, karibu mia moja kila dakika katika kila kiganja, Kamanyola sawasawa na Geneva. Kule wana watu wa kuzihesabu. Hapa kwetu, inatosha aanze mwalimu mmoja na wanafunzi watano.